Kijerumani baada ya miezi minne, na kwa nini nimeacha kukipitisha kwenye Kiingereza

Leo nina miezi minne na wiki kadhaa tangu nianze Kijerumani. Nilianza kutoka sifuri, yaani sifuri kabisa, hata asante sikuijua. Sasa hivi nimekaa barazani na daftari langu nikasema wacha niandike, maana kuna watu wananiuliza WhatsApp "dada unaanzaje anzaje" na kila nikitaka kumjibu mtu najikuta naandika meseji ndefu kama barua, alafu kesho yake mwingine anauliza hilo hilo. Basi barua yenyewe ndo hii.

Mi nafanya kazi duka la dawa hapa Dar, kwetu ni Tanga. Ninachokitafuta ni Ausbildung ya uuguzi huko Ujerumani, yale mafunzo ya miaka 3 ambayo unasoma darasani huku unafanya kazi wodini na unalipwa kila mwezi. Waajiri wengi wa huko wanataka uwe na levo ya B1 ndo wakupokee na wengine B2 kabisa. Levo ziko sita, A1, A2, B1, B2, C1 na C2, na mi bado niko A1. Kwa hiyo sina ufundi wowote wa kumfundisha mtu Kijerumani, nilichonacho ni njia moja tu niliyoigundua kwa shida na naona inanisaidia kweli, na natamani ningeambiwa siku ya kwanza.

Njia yenyewe ni hii: acha kukipitisha Kijerumani kwenye Kiingereza.

Darasa ninalosoma ni la jioni, tuko kumi na mmoja, mwalimu ni Mtanzania mwenzetu na anajua kazi yake, ila kitabu maelezo yote ni Kiingereza na ubaoni pia anaeleza kwa Kiingereza kwa sababu ndivyo alivyofundishwa yeye. Sasa mi Kiingereza changu ni cha sekondari, cha kukariri biolojia nikafaulu, sio cha kuelezewa sarufi ya lugha ya tatu. Miezi miwili ya kwanza nilikuwa naandika neno la Kijerumani, pembeni la Kiingereza, alafu nikifika nyumbani naandika la Kiswahili. Hatua tatu kwa kila neno. Na ubaya wake sio uchovu tu, ubaya ni kwamba Kiingereza kinaficha vitu ambavyo Kiswahili kinavyo na Kijerumani kinavyo.

Kuna siku tulifundishwa du, ihr na Sie. Kwa Kiingereza zote tatu ni neno moja. Tulikaa karibu nusu saa darasa zima limepotea, watu wanauliza sasa nitajuaje ni ipi, mwalimu anaeleza huyu ni mmoja hawa ni wengi, anachora vichwa vya watu ubaoni. Nikarudi nyumbani nikaandika du = wewe, ihr = ninyi. Nikaangalia ile karatasi nikaona hakuna kingine cha kueleza! Sisi tangu tunazaliwa tunasema wewe na ninyi. Sie nikaiandikia mstari wake, ndo ile unayomwambia mtu mzima usiyemzoea, na hilo nalo mtu aliyelelewa na shikamoo halimpi tabu hata kidogo, unajua tu moyoni huyu ni wa heshima na huyu ni rika langu.

Usiku ule ndo nilianza daftari jipya, Kijerumani na Kiswahili tu.

Nianze na herufi maana ndo mlango. Ukitoka Kiingereza unakuja na kichwa kwamba E inaitwa i na I inaitwa ai. Wajerumani a ni a, e ni e, i ni i, o ni o, u ni u, kama tulivyoimba darasa la kwanza. Na wao maneno yao ukishajua kanuni chache unayasoma kama yalivyoandikwa. W inasomwa kama v yetu, kwa hiyo Wasser, maji, inakuwa "vasa". V mara nyingi inasomwa f, Vater ni "fata", na ndo maana wenyewe Volkswagen wanaiita "folksvagen". Z ni ts. Ei ni "ai", ie ni i ndefu, sch ni sh. J ni y. Kwenye mtihani wa kuongea wa A1 unaweza kuambiwa utamke jina lako herufi moja moja, na jina la baba yangu lina W na J, kwa hiyo nimefanya mazoezi mpaka wadogo zangu wamejua, W "ve", J "yot", na V yenyewe inaitwa "fau", usizichanganye hizo.

Ile ch ya Buch, Nacht, acht, hiyo kama ulipita madrasa huna kazi, ni kh, ile ile kh ya kheri na khofu inayotoka kooni. Darasani kwetu wenzangu wa bara walihangaika nayo wiki nzima na mi ilitoka siku ile ile, nikamshukuru ustadh wangu kimoyomoyo. Kuna ch nyingine ya ich, hiyo ni laini iko karibu na sh lakini sio sh, hiyo bado naifanyia kazi.

Sasa ngeli. Hapa nitakaa kidogo maana hapa ndo watu wengi wanakata tamaa.

Unaambiwa Kijerumani kina der, die, das, der ni mwanaume, die ni mwanamke, das haina jinsia. Basi unaanza kujiuliza meza imekuwaje mwanaume, mlango umekuwaje mwanamke, na das Mädchen, msichana, mtu mzima anaonekana na jinsia yake, amekuwaje hana jinsia? Kijiko ni der Löffel, uma ni die Gabel, kisu ni das Messer, vyote viko sahani moja. Unaona lugha haina akili unafunga kitabu.

Ila sisi ni watu wa ngeli jamani. Hakuna Mswahili aliyewahi kukaa akajiuliza kwa nini kiti kiko ki-vi na meza haimo. Hatuulizi mti una uhai gani mpaka uitwe m kama mtu. Tunajua tu kila jina lina kundi lake, na kundi ndilo linaloamua maneno yanayofuata yavaeje: kiti kikubwa, mti mkubwa, jiwe kubwa. Sasa angalia Kijerumani: ein großer Tisch, eine große Tür, ein großes Fenster. Meza kubwa, mlango mkubwa, dirisha kubwa. Neno la "kubwa" limebadilika mkia kufuata jina, ni upatanisho ule ule, tofauti sisi tunabadilisha mbele wao wanabadilisha nyuma. Kiingereza hakina hiki kitu kabisa ndo maana maelezo ya Kiingereza yanakiongelea kama maajabu. Kwetu ni cha kila siku, na tena sisi tuna ngeli nyingi wao wana tatu tu!

Kwa hiyo nikafuta mwanaume na mwanamke kwenye daftari nikaandika ngeli ya der, ngeli ya die, ngeli ya das. Hapo ndo mambo yakaanza kufunguka.

Chukua huyo huyo Mädchen. Sisi tukitaka kupunguza kitu tunakipeleka ngeli ya ki: mtoto anakuwa kitoto, mji unakuwa kijiji, na likishaingia huko linafuata sheria za huko, unasema kitoto kizuri kimelala. Wajerumani wanafanya hivyo hivyo kwa kuweka -chen nyuma, na kila kinachopewa -chen kinahamia das, hakuna ubishi. Brot ni mkate, Brötchen ni kile kimkate kidogo cha asubuhi, das Brötchen. Haus ni nyumba, Häuschen ni kijumba. Na Mädchen asili yake ni neno la zamani Magd, mwanamwali, likawekewa -chen. Kwa hiyo das pale haisemi chochote kuhusu yule binti, ni ile -chen tu inafanya kazi yake kama ki- inavyofanya kwetu.

Alafu angalia u-. Mgonjwa, ugonjwa. Huru, uhuru. Zuri, uzuri. Kijerumani: krank, die Krankheit. Frei, die Freiheit. Schön, die Schönheit. Gesund, die Gesundheit, afya. Kila chenye -heit au -keit ni die. Na -ung pia ni die kwa kawaida, na -schaft, na -tion. Ukurasa mzima wa majina unayajua ngeli bila kukariri moja moja.

Na kuna hii iliyonifurahisha zaidi. Sisi kitenzi kikiwa jina tunakiacha na ku yake, kusoma kwake kuzuri, kuimba kwao. Wao wanachukua kitenzi kizima wanakipa herufi kubwa na das: das Lesen, kusoma, das Essen, kula na chakula chenyewe, das Leben, kuishi, maisha. Vyote das. Yaani wana ngeli ya ku na hakuna aliyeniambia!

Maneno yao marefu nayo yanaogopesha bure. Kwa kuwa ninachotafuta ni uuguzi ndo nilianza na haya: Krankenhaus, Krankenwagen, Krankenschwester, Krankenkasse. Kranken ni wagonjwa. Nyumba ya wagonjwa, gari la wagonjwa, dada wa wagonjwa, mfuko wa wagonjwa yaani bima. (Krankenschwester ndo jina la zamani la nesi wa kike, siku hizi cheti kinaandikwa Pflegefachfrau, ila mi hilo la dada nalipenda maana hata kwetu hospitalini nesi tulizoea kumwita sista.) Sasa ona, sisi tunataja kitu chenyewe kwanza, gari la wagonjwa, na "la" inafuata gari. Wao wanakitaja mwisho, na ngeli inafuata hicho cha mwisho: der Wagen kwa hiyo der Krankenwagen, das Haus kwa hiyo das Krankenhaus. Ukikutana na neno refu kama treni nenda moja kwa moja behewa la mwisho ndo utajua ni ngeli gani, alafu rudi nyuma unasoma kinyume na utakuta unasema Kiswahili.

Sisemi kila kitu kinajulikana, hapana. Tisch kuwa der na Tür kuwa die hizo ni za kukariri, na mi nakariri jina na ngeli yake kwa pamoja, sijawahi kuandika Tisch peke yake, naandika der Tisch. Der naandika kwa kalamu ya bluu, die nyekundu, das kijani. Nyumbani nimebandika vikaratasi mlangoni, dirishani, kwenye kiti, kwenye jagi, na mdogo wangu wa darasa la nne akipita anasoma kwa sauti, die Tür, das Fenster, sasa hivi ananisahihisha. Wingi ndo mgumu zaidi kwangu kwa sababu hauna mpangilio wa m-wa na ki-vi, Tisch inakuwa Tische, Kind inakuwa Kinder, Frau inakuwa Frauen, Auto inakuwa Autos, Apfel inakuwa Äpfel, na Lehrer inabaki Lehrer. Nafuu ni moja, kwenye wingi zote zinakuwa die.

Hesabu. Hapa darasa lote lililia na mi nilikuwa nalia nao mpaka nikamkumbuka bibi yangu. 21 kwa Kijerumani ni einundzwanzig, moja na ishirini. 47 ni siebenundvierzig, saba na arobaini. Mwalimu akisoma namba ya simu kwa mbili mbili mkono unaandika 7 kwanza na umeshakosea. Ila madrasa tulihesabu vipi? Wahid wa ishrun, moja na ishirini! Ithnan wa ishrun, mbili na ishirini. Tulikuwa tunaimba vile tukiwa na miaka sita hakuna aliyelalamika. Na kumi na tatu yao ni dreizehn, tatu-kumi, na bibi yangu kule Tanga mpaka leo akihesabu nazi haendi kumi na moja kumi na mbili, anasema edashara, thenashara, thelatashara, na thelatashara ni hiyo hiyo tatu-kumi ya Kiarabu. Kwa hiyo mpangilio huu ulikuwa mdomoni kwa bibi muda wote. Nilichofanya nikisikia namba naacha nafasi, naandika 7 upande wa kulia alafu narudi kushoto naweka 4, kama mkono wa kuandika Kiarabu. Makosa yamepungua sana. Na kazini kila nikipiga hesabu ya dawa najisemea bei kwa Kijerumani kimyakimya, zweitausendfünfhundert, mteja anapewa chenji yake mi nimeshafanya zoezi.

Saa sasa, hii iligharimu. Mwalimu ana tabia nzuri ya kutuandikia muda wa kipindi kwa Kijerumani kwenye grupu ili tuzoee. Jumamosi moja akaandika halb drei. Nikafanya hesabu yangu vizuri kabisa, halb ni nusu, drei ni tatu, tatu ya kizungu ni saa tisa yetu, kwa hiyo saa tisa na nusu. Nikapanda daladala zangu mbili nikafika saa tisa na dakika ishirini najiona nimewahi, nakuta kipindi kimeenda karibu saa nzima na lile ndo lilikuwa zoezi la kusikiliza ambalo halirudiwi. Iliniuma kwa sababu Jumamosi ile niliomba ruhusa kazini.

Halb drei ni saa nane na nusu. Wao hawasemi nusu imepita, wanasema nusu ya kuiendea ile saa ya tatu. Darasani ukielezwa hivyo unakubali lakini kesho unasahau. Iliyonikaa kichwani ni kasorobo. Sisi tukisema saa tisa kasorobo bado hatujafika tisa, tunaiangalia tisa kwa mbele alafu tunapunguza. Basi Wajerumani wanafanya hivyo kwenye nusu pia, halb drei ni "saa tisa kasoro nusu". Viertel vor drei ni saa tisa kasorobo, Viertel nach drei ni saa tisa na robo, na halb drei ni saa tisa kasoro nusu. Tangu niiandike hivyo sijakosea tena hata mara moja, na nimewaandikia wenzangu wote kwenye grupu.

Kuna sehemu Kiswahili hakinisaidii na nisidanganye. Ya kwanza ni konsonanti kubanana. Sisi maneno yetu yanapenda kuishia na irabu, hata likitoka nje tunalivalisha, kitab ikawa kitabu, shirt ikawa shati. Ukikutana na Herbst, ule msimu wao wa majani kudondoka, ulimi wenyewe unataka kusema "herbisti". Soksi ndefu ni Strumpf. Du sprichst, wewe unaongea. Mimi naanza polepole kwa kunong'ona maana ukinong'ona ile i ya kuongezea haitoki kirahisi, alafu naongeza sauti kidogo kidogo.

Ya pili, vitenzi vinavyokatika. Kuamka ni aufstehen lakini ukisema naamka saa kumi na moja alfajiri unasema Ich stehe um fünf Uhr auf, umekata kichwa cha kitenzi umekitupa mwisho wa sentensi. Na ukitaka kusema nataka kununua mkate leo, Ich möchte heute Brot kaufen, nataka leo mkate kununua. Kwa hiyo lazima umsikilize mtu mpaka mwisho ndo ujue anafanya nini. Sina mlinganisho wa Kiswahili hapa, naimba tu sentensi nzima nzima mpaka sikio lizoee.

Ya tatu Akkusativ. Der inageuka den pale kitu kinapotendewa, Ich suche den Schlüssel, natafuta ufunguo. Sisi tukitaka kumwonesha anayetendewa tunaweka ndani ya kitenzi, nimemwona, nimekiona, jina lenyewe hatuligusi. Nilichoshika ni kwamba inayohama ni der tu, die na das zinabaki palepale, kwa hiyo nikikutana na jina nililoliandika kwa bluu ndo nasimama nafikiria.

Nimesema nilianza sijui neno. Sio kweli, nilikuwa nayajua mawili. Siku ya kwanza kabisa kitabuni kulikuwa na picha ya jengo na chini yake die Schule, nikaisoma bila kuulizwa. Shule! Ndo hiyo hiyo, tuliichukua kwao walipokuwa hapa. Na hela. Kuanzia 1904 pesa ya koloni la Wadachi ilikuwa na sarafu ndogo inaitwa Heller, 100 zinafanya rupia moja, rupia ikaondoka na Wadachi wakaondoka ila hela imebaki midomoni mwetu mpaka leo. Bibi hasemi Wajerumani, anasema Wadachi, na nilivyompigia kumwambia najifunza Kijerumani alinyamaza kwanza alafu akauliza "Kidachi?" Nikasema ndiyo bibi, Kidachi. Sisi watu wa Tanga tumekulia kwenye vitu vyao, reli yetu walianza kuijenga 1893, maboma yao bado tunayaona. Na Maji Maji ya 1905 mpaka 1907 sote tumeisoma, tunajua walichowafanyia watu wa kusini, wamekufa kwa vita na kwa njaa. Mi sisomi lugha hii kwa kusahau hayo. Nilimwambia bibi hivyo hivyo, na akaniambia wao walikuja hawakuomba ruhusa, wewe unaomba viza, basi nenda na adabu zako.

Mazoezi yangu mengine ni ya kawaida. Deutsche Welle wana masomo ya bure mtandaoni kuanzia A1, ni ile ile Deutsche Welle ambayo idhaa yake ya Kiswahili iko hewani tangu 1963 na babu zetu wameisikiliza redioni. Napakua nikiwa na wifi kazini alafu nasikiliza kwenye daladala, klipu moja hata mara sita, mpaka naijua inapopumua. Usisikilize klipu sita mara moja moja, haibaki kitu. Na bando linaisha.

Mtihani wenyewe wa A1 una sehemu nne, kusikiliza, kusoma, kuandika na kuongea, unatakiwa upate 60 kwenye 100. Kuandika ni kujaza fomu na barua fupi ya maneno kama 30. Kuongea unaanza kwa kujitambulisha, jina, umri, nchi, unakoishi, lugha, kazi, unachopenda. Pale kwenye lugha mimi naanza na Suaheli, ndivyo wanavyokiita, Ich spreche Suaheli, alafu Englisch inafuata nyuma.

Kuna ukurasa mmoja kwenye daftari langu haujakamilika. Nilitaka kujua pole wanasemaje, kwa sababu siwezi kuwaza niwe nesi nikae na mgonjwa bila pole. Mwalimu akasema hakuna neno moja. Nikachora mistari minne. Wa kwanza, pole ya mgonjwa: Gute Besserung, upate nafuu njema. Wa pili, pole ya aliyefiwa: Herzliches Beileid. Wa tatu, pole ya jambo baya limemkuta mtu: Das tut mir leid, yaani inaniuma. Wa nne nikaandika pole na kazi, nikamuuliza binamu yangu aliyeko Bremen. Akasema kazini kwao mtu akimaliza zamu wanamwambia Schönen Feierabend, jioni njema ya baada ya kazi. Nimeiandika lakini kwa penseli. Ile inamtakia mtu mapumziko anayoyaendea, na pole na kazi inamwambia nimeuona uchovu wako uliotoka nao. Kama uko huko na umewahi kusikia wanavyosema hiyo ya pili niandikie, mstari nimeuachia nafasi.